Ugo wa bustani na amani ya majirani

Mbuzi akiingia katika lenga-lenga za jirani, maneno yanaanza. Kesho ni mapanga. Kwa hiyo fungeni bustani, lakini kwanza mwiteni mwenye udongo, jirani na nyumbakumi, mpitie mpaka pamoja. Udongo wa kuazimwa ukipandwa ugo bila ruhusa, mwenyewe atasema mmemnyang'anya. Halafu pandeni matawi ya miyenzi karibu-karibu: yanaota mizizi, na mbuzi hawayapendi. Angalieni watoto, utomvu wake unaumiza macho. Acheni njia ya kwenda mtoni. Mkikamata mwizi, msimpige. Mpelekeni kwa chefu. Nanyi machefu, sikilizeni pande zote mbili. Amani kwenu.