Picha ya Askari Isikae Bila Jina

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Buguruni, Dar es Salaam.)



Mtu anayetoka Buguruni na kuifuata Barabara ya Uhuru kuelekea mjini hupita kando ya Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mbele yake ipo bustani ya Mnazi Mmoja na mnara wa mashujaa. Akiendelea mpaka Barabara ya Samora huikuta Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Askari yule wa shaba ameshika bunduki yenye singe. Chini yake yapo maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, yanayowasifu askari pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kuwaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao.

Ajabu ni kwamba katika maandishi hayo halimo jina hata moja la askari wala la mpagazi. Mkoloni aliahidi kumbukumbu ya majina, kisha majina yenyewe hakuyaandika.

Kosa hilo halikuishia kwenye shaba. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi ya kupiga picha hapa Dar es Salaam kabla ya vita ile na wakati wake, aliacha picha nyingi za nchi hii na watu wake, na leo nyingi zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Katika picha za askari za enzi ile, sura huonekana vizuri kabisa: mtu na kofia yake, mtu na bunduki yake, mtu amekaza macho mbele. Lakini maelezo yake, mara nyingi, ni neno moja tu, "askari". Aliyetajwa kwa jina ni ofisa Mzungu aliyesimama pembeni. Mjukuu wa askari yule akiiona picha hiyo leo atapita bila kujua kwamba amepita mbele ya babu yake.

Hata hivyo jina peke yake halitoshi. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa asili ya Sudani, akaingizwa katika jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alihamia Berlin, ambako alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alidai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, asiipate. Alifundisha Kiswahili, akafanya kazi ya hotelini, akaigiza katika filamu. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Zipo picha zake akiwa amevaa sare ya askari katika mikutano ya Wajerumani waliotaka kurudishiwa makoloni yao. Katika picha hizo anaonekana kama mtu anayetukuzwa. Watu walewale waliofurahia sare yake walimwona Mwafrika asiyestahili haki ya raia. Mwaka 1941 alikamatwa, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Tangu mwaka 2007 jina lake limo katika kibao kidogo cha shaba kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba aliyokaa. Yafaa basi kila anayetundika picha ya askari ajiulize kama anamheshimu mtu huyo au anaitumia sare yake kwa haja nyingine.

Taifa huru halina udhuru wa mkoloni. Majeshi ya nduli Iddi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, waliokwenda kuyaondoa walikuwa wanajeshi wa Jeshi la Wananchi, askari polisi na magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa na maelfu ya mgambo waliotoka mashambani na maofisini. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Baadhi ya waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Waliorudi walirudi kazini, wakastaafu, wakazeeka. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita miaka 65, na wakubwa wake wengi wamekwisha kufariki.

Picha zao zipo, tena karibu. Katika mitaa kama ya Buguruni picha ya namna hiyo hukaa sebuleni juu ya mlango wa chumbani, au ndani ya sanduku chini ya kanga za bibi, pamoja na vyeti vya shule na kadi za zahanati. Ilipigwa studio, mbele ya pazia lililochorwa maua. Mwenye nyumba anamjua aliye pichani, kwa hiyo haoni haja ya kuandika kitu nyuma yake. Siku bibi akifariki, nyumba ikauzwa au warithi wakagawana vyombo, picha hiyo inakuwa karatasi. Mchwa na unyevu havingoji mirathi, na wakazi wa kando ya bonde la Msimbazi wanajua vizuri maji ya mafuriko hufanya nini kwenye sanduku la chini ya kitanda.

Wapo watakaosema kwamba askari mstaafu anahitaji malipo yake ya uzeeni na dawa zake kuliko picha. Wana haki ya kusema hivyo. Sherehe ambayo picha ya mzee imevikwa maua ilhali mzee mwenyewe amekosa nauli ya kufika ni mzaha. Lakini mtumishi wa umma hawezi kumdai mtu haki ambaye hata jina lake limesahauliwa na mtaa wake.

Kazi yenyewe si ngumu, nayo haina haja ya kungoja kamati. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi kabla ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai: kila mmoja aulize nyumbani kama ipo picha ya ndugu aliyetumikia jeshi. Isiletwe shuleni. Picha ya mjane isiondoke ukutani kwake. Wangapi wamewahi kuazima picha "ya siku mbili" na haikurudi tena? Ipigwe nakala kwa simu hapohapo, kivulini, bila kuiondoa kwenye fremu iliyooza. Nyuma ya nakala iandikwe kwa penseli, maana wino hupenya: jina kamili, mahali na mwaka kama vinajulikana, na jina la aliyeyasema hayo. Kisichojulikana kiachwe wazi, kisibuniwe. Familia isiyotaka picha yake ionekane nje iachwe kwa amani, kwani si kila aliyerudi vitani alipenda kuvikumbuka.

Familia za vijana zina tatizo la namna nyingine. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliouawa katika shambulio la Semuliki, Kivu Kaskazini, tarehe 7 Desemba 2017, walikuwa watu wa zama za simu. Mtu wa zama hizo anaweza kuwa na mamia ya picha, zote zikiwa ndani ya chombo kimoja kinachoweza kuibwa kwenye daladala. Hizo nazo zahitaji kutolewa karatasini, hata chache, na kuandikwa nyuma.

Wapo pia wasio na picha yoyote. Mgambo aliyeondoka kijijini mwaka 1978 huenda hakuwahi kukanyaga studio. Huyo naye asirukwe: jina lake liandikwe kwa hati nzuri kwenye karatasi ya ukubwa uleule wa picha za wenzake, litiwe fremu, na litundikwe katika safu moja nao.