Antena Bapa si Pambo



Katika kikao kimoja cha kutetea kazi za mwisho wa masomo, mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliishika antena ya mwanafunzi: kipande cha shaba juu ya bodi ya saketi. Akaigeuzageuza, kisha akasema: "Hili ni pambo. Antena ni urefu, tena ikae mbali na chuma." Ukumbi ukacheka, mwanafunzi akanyamaza. Siku ile sikupata nafasi ya kujibu. Leo kipaza sauti kiko kwangu.

Milinganyo ya Maxwell naipita, maana wenzangu wa Politekiniki wanaijua, na wengine hawatanishukuru nikiiandika ubaoni saa hizi. Nataka kushughulika na hoja mbili tu za mwenzangu yule.

Kwanza, urefu. Mwenzangu ni mtoto wa foni, ile redio ya misheni na ya vituo vya vijijini. Kwenye megahezi 7 wimbi lina urefu wa mita 43 hivi. Waya wa nusu wimbi hufika mita 21, ukafungwa kati ya miembe miwili. Hapo hekima yake ilizaliwa, na hapo ni ya kweli. Lakini satelaiti za GPS hutangaza kwenye megahezi 1575.42. Wimbi lake ni sentimita 19, nusu yake 9.5. Tena wimbi likipita ndani ya kihami hufupika: juu ya bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo, nusu wimbi hushuka hadi sentimita 4.5 hivi; juu ya kauri nzito, hadi mbili na kidogo. Basi urefu anaoudai upo. Umelala tu.

Pili, chuma. Hoja hii ni nzito, na nitakaa nayo. Kila fundi anajua kwamba mkondo unaopita sambamba na bamba la chuma, karibu nalo sana, huzaa kivuli chake upande wa pili, kikienda kinyume. Viwili hivyo hufutana. Antena bapa kama ile ya mwanafunzi ina bamba kama hilo milimita moja au mbili chini yake. Kama shaba ya juu ndiyo inayorusha mawimbi, mwenzangu ameshinda, twende nyumbani.

Lakini kazi kubwa haifanywi na uso wa shaba. Inafanywa na ukingo. Kati ya mabamba mawili uga wa umeme husimama wima: kwenye ncha moja unaelekea juu, kwenye ncha nyingine unaelekea chini, katikati ni sufuri. Kwenye kila ncha uga huo haukatiki ghafla; unafurika nje na kupinda. Sasa tazameni. Sehemu za wima za ncha hizo mbili zinapingana, lakini sehemu za mlalo, zile zinazopinda nje, zinaelekea upande mmoja. Zinajumlishana, na wimbi linapanda juu. Nyufa mbili za pembeni ndizo antena. Na lile bamba la chini analoliogopa mwenzangu ndilo linaloelekeza nguvu upande mmoja, mbinguni, badala ya kuzimwaga tumboni mwa gari lililoibeba.

Hapo mtaelewa pia kwa nini pini inayoilisha antena haichomekwi popote. Ukingoni ukinzani hufika omu mia mbili au tatu. Katikati ni sufuri. Fundi huitafuta omu 50 ya waya wake mahali fulani kati ya hapo.

Hayo yote si ya jana. Georges Deschamps alitoa wazo hilo mwaka 1953, nchini Marekani. Gutton na Baissinot wakapata hataza Ufaransa mwaka 1955. Kisha kimya cha karibu miaka ishirini, kwa kuwa vihami visivyokula nguvu vilikuwa adimu. Makala ninayoipenda kuliko zote ni ya Robert Munson, Januari 1974: kurasa tano tu, naye akiwa katika kampuni ya Ball huko Colorado. Kila mwaka nawasomesha wanafunzi kurasa hizo. Munson alitaka antena inayozunguka kiuno cha roketi bila kuchomoza, ili upepo usiing'oe. Akafunga ukanda mwembamba wa shaba. Halafu akatoa kanuni: ukanda mrefu vile ukilishwa mahali pamoja utarusha madoamadoa, basi ulishwe mahali pengi, na idadi ya mahali hapo izidi idadi ya mawimbi yanayoenea ndani ya kihami kuzunguka roketi. Sentensi moja, na kazi ya miaka ikapata msingi. Mwaka 1978 satelaiti ya Seasat ikapanda na rada yenye antena ya namna hii, urefu wake karibu mita 11.

Leo antena hii haiko angani tu: shemeji yangu ana lori linalokwenda mpakani Kasumbalesa. Aliuziwa kifaa cha kulifuatilia kwa GPS, na kila mara lori likawa linapotea kwenye ramani. Nikafungua dashibodi: fundi alikuwa amekibandika kichwa chini, uso umegusa chuma. Ndani mlikuwa na kauri ya milimita 25 kwa 25, imepakwa fedha (si shaba, msinicheke), pembe mbili zimekatwa kidogo, pini imesogea kando ya katikati. Pembe zile si mikwaruzo. Zinagawa mtetemo uwe miwili, mmoja ukichelewa robo mzunguko, ili antena ipokee wimbi linalozunguka kwa kulia kama la GPS. Wimbi lililogonga ukuta hurudi likizunguka kwa kushoto, na antena hulikataa kwa sehemu kubwa. Tulikigeuza, uso juu. Lori likaonekana hadi mpakani.

Nampa mwenzangu haki yake: antena hii ina masafa membamba. Kwenye bodi nyembamba hupata asilimia chache tu. Mwenye kutaka televisheni zote, kuanzia megahezi 470 hadi 694, atafute kitu kingine. Bodi ya bei rahisi nayo hugeuza nguvu kuwa joto. Lakini GPS ya raia inahitaji megahezi 2 hivi kati ya 1575. Kwake wembamba huo ni mlango unaowazuia majirani. Na penye haja ya nguvu zaidi, antena hizi hupangwa nyingi pamoja: sahani bapa ya Starlink, huduma ambayo ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, iliipa leseni mwaka 2025, ni vipande vya namna hii zaidi ya elfu, vikielekezwa bila kusogeza kitu.

Nimalizie na imani yangu. Mji huu unahesabu shaba kwa tani. Kwenye masafa ya GPS mkondo mwingi hauingii ndani ya shaba kupita sehemu mbili za elfu za milimita, na shaba ya bodi ina 35. Wanafunzi wetu wanajua tani. Hawajui unene huo. Wapo watakaoniambia kompyuta hukokotoa haraka zaidi, na bodi nzuri zinatoka nje. Nimezipima hoja hizo, na zina uzito. Bado nasema mkasi kwanza. Bati la shaba la sentimita 5.5 hivi, nusu sentimita juu ya bamba, hewa katikati: hiyo ni antena ya Wi-Fi, na hewa haiagizwi popote. Naomba idara isipokee kazi yoyote ya antena ambayo mwenyewe hajakata moja kwa mkono na kuipima mbele ya jopo. Na mwenzangu awe kwenye jopo hilo. Swali lake ni zuri, ajibiwe kwa vipimo.