Mlevi Asiachwe "Alale Itoke": Hotuba ya Barazani Kuhusu Pombe Yenye Sumu

 

Utafiti wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa Mkenya 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kilevi kimoja. Pombe ndiyo inayoongoza, ikiwa na watumiaji takriban milioni 3.2, kisha tumbaku, miraa na bangi. Kwa hivyo haya si mambo ya boma la jirani.

Baraza la leo ni la pombe yenye sumu, kwa sababu huua watu wengi kwa siku moja. Mei 2014, makumi ya watu walifariki Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Februari 2024 msiba ukaingia Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, ambako watu 17 walikufa kwa pombe haramu.

Methanoli ni spiriti ya viwandani. Haina rangi, na harufu yake inakaribia ile ya pombe ya kawaida. Wapo wanaoiwasha kwa kiberiti wakidai wanaipima, lakini moto wa buluu hauthibitishi lolote. Ikishaingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho na kuchafua damu. Kazi hiyo huchukua saa 12 hadi 24, hata zaidi ikiwa imechanganywa na pombe ya kawaida.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Mtu amerudi usiku akitembea mwenyewe, akalala. Kesho yake anaumwa kichwa na tumbo, anatapika, anapumua kwa kasi. Nyumbani wanasema ni hangova, anapewa supu au maziwa na kuambiwa alale itoke. Baadaye anauliza kwa nini taa haijawashwa, kumbe jua limeshapanda. Saa zilizopotea ndizo ambazo zingeokoa macho yake, pengine na uhai.

Anayeona ukungu baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja. Huko kuna dawa ya kuzuia sumu hiyo na, panapohitajika, mashine ya kusafisha damu. Bebeni chupa au masalio ya alichokunywa, na mwelezeni daktari ukweli: alikunywa nini, wapi, saa ngapi. Wengine huficha kwa aibu au kwa kuogopa polisi, na daktari anabaki akibahatisha. Waliokunywa naye watafutwe pia, hata wakisema wako sawa.

Neno kwa wazazi wanaomfungia kijana chumbani ili aache pombe: aliyezoea kunywa kila siku akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka na kupata kifafa, na wengine hufa. Aachishwe chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Nambari ya NACADA ni 1192. Hupigwa bila malipo, usiku na mchana, na hata mzazi anaweza kupiga kwa niaba ya mwanawe.