Hotuba ya Ijumaa: Afya za Watoto Wetu Shuleni

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu wa Himo, nanyi wasikilizaji mlio majumbani,

Tumpelekapo mtoto shuleni, twamkabidhi mwalimu mwili wake pamoja na akili yake. Dawa za kichocho na minyoo hutolewa na walimu wenyewe, kwani waganga hawatoshi kuzifikia shule zote za nchi. Mtoto husimamishwa kando ya ufito uliotiwa alama, na urefu wake humwonyesha mwalimu idadi ya vidonge. Mwaka 2001 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliazimia kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto walio hatarini.

Basi kazi nyepesi namna hii huharibika vipi? Tuitazame Morogoro. Mwaka 2008 watoto walimeza dawa hizo, na baadhi yao hawakuwa wamekula kitu. Wakashikwa na kizunguzungu na kutapika. Wazazi wengi hawakuwa wameelezwa mapema. Uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa, wakakimbilia shuleni, fujo zikazuka, na ugawaji ukasimamishwa. Dawa ilikuwa ile ile itumikayo duniani. Kilichokosekana ni bakuli la uji na neno kwa mzazi.

Jambo hili latuhusu sisi wa Moshi. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ukamilike mwaka 1987, mpunga wa Mabogini na Chekereni hustawi kwa maji ya mifereji, na konokono wa kichocho hupenda maji kama hayo. Mtume (s.a.w.) alitahadharisha watu wasijisaidie penye maji, njiani wala kivulini. Lakini shule isiyo na choo, mtoto aende wapi? Aliyetibiwa leo ataambukizwa tena.

Tuitwapo kikao cha wazazi, twende, tuulize: dawa gani, siku gani, uji utapikwa na nani, zahanati ipi itampokea atakayezidiwa? Siku hiyo ikiangukia Ramadhani, tumwombe mwalimu mkuu aisogeze. Mtoto asiyebaleghe halazimiki kufunga, lakini wengi hufunga kwa hamu yao, na dawa hii haifai kwa tumbo tupu. Mwenye shaka aiseme kikaoni. Na kikao kikiwa asubuhi ya gulio, mama yuko sokoni, basi baba aende.