Nta na Glezi: Mapambo ya Vyombo vya Udongo na Wajibu wa Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kasanga)



Mtu ashukaye kutoka Sumbawanga huuacha uwanda wa juu wenye baridi, akafika Kasanga penye joto la Ziwa Tanganyika na mitumbwi ya wavuvi. Katika nchi hii udongo na moto vina historia ndefu. Karibu na maporomoko ya Kalambo, wachimbuaji wa mambo ya kale walioongozwa na J. Desmond Clark tangu miaka ya 1950 walifukua vigae vya vyungu vya wakulima na wafua chuma wa zamani. Huko juu Ufipani yalijengwa malungu, zile tanuri ndefu za kuyeyushia chuma, zilizovuta upepo zenyewe kwa mabomba ya udongo pasipo kutumia mivukuto. Aliyejenga ilungu aliujua moto vizuri.

Hata hivyo, mfinyanzi wa leo huuza chungu chake sokoni, kisha kwa fedha ile ile hununua dukani kikombe king'aacho kilichotoka nchi za mbali. Ndipo linapozuka swali: je, wafinyanzi waliojiunga katika chama waweza kutengeneza chombo king'aacho chenye mapambo na kukiuza kwa faida? Waweza, lakini kwa masharti, na chama kisichoyajua masharti hayo kitapoteza akiba ya wanachama wake ndani ya tanuri.

GLEZI NA NTA NI NINI

Glezi ni ule utando wa kioo unaofunika sahani na vikombe vya dukani. Hutengenezwa kwa mawe na udongo uliosagwa laini kama unga, ukakorogwa kwa maji hata ukawa kama uji mwepesi. Chombo kilichokwisha kuchomwa mara ya kwanza huchovywa humo. Kwa kuwa kina vinyweleo, hunywa maji na kubakiza unga juu yake. Kikichomwa mara ya pili, unga huo huyeyuka ukawa kioo.

Nta nayo hufanya kazi ya kukataza. Wanawake watengenezao batiki wanalijua jambo hili: palipopakwa nta, rangi haiingii katika kitambaa. Ndivyo ilivyo kwa chombo cha udongo. Mfinyanzi huchora kwa burashi iliyochovywa katika nta ya moto, kisha hukichovya chombo katika glezi. Palipo na nta, glezi hukimbia kama maji yakimbiavyo juu ya jani la myugwa. Katika moto nta huungua ikatoweka kabisa, na pale ilipokuwa hubaki umbo lililochorwa.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kupaka nta juu ya udongo mtupu, ili umbo libaki na rangi ya udongo. Ya pili ni kutia glezi ya kwanza, kuiacha ikauke, kuchora kwa nta juu yake, kisha kutia glezi ya pili yenye rangi nyingine. Kwa udongo uliochomwa kwa moto mdogo, njia ya pili ndiyo bora. Sehemu iliyoachwa tupu hunywa maji, huingiza uchafu, na baada ya muda chombo huvuja au kunuka. Basi umbo la udongo mtupu lisiwekwe ndani ya kikombe wala mdomoni pake.

Sanaa hii imetukuzwa na mafundi wakubwa. Shoji Hamada wa Japani (1894–1978), aliyefanya kazi Mashiko, na rafiki yake Bernard Leach (1887–1979), waliyeanzisha pamoja kiwanda cha St Ives huko Uingereza mwaka 1920, waliitumia nta katika mapambo yao. Hapa Afrika, Ladi Kwali wa Nijeria alikuwa tayari mfinyanzi wa mitungi ya kienyeji alipojiunga na kituo cha Abuja, kilichoongozwa na Michael Cardew, mwaka 1954. Mapambo yake aliyachora kwa kukwaruza udongo, wala si kwa nta. Lakini mitungi yake, iliyojengwa kwa mikono kama alivyofunzwa nyumbani, ilitiwa glezi na kuchomwa kwa moto mkali, na sura yake imechapwa katika noti ya naira 20. Hakuacha ujuzi wa nyumbani ili ajifunze mpya, aliuongezea.

MOTO NDIO MTIHANI

Chungu cha kienyeji huchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi. Moto huo hupanda na kushuka upesi, tena majivu na moshi hugusa chombo. Watosha kwa chungu cha kupikia, lakini hauwezi kuyeyusha glezi sawasawa. Glezi za vyombo vya udongo wa kawaida huhitaji kadiri ya nyuzi 1,000 hadi 1,100 za Selisiasi. Zile za vyombo vigumu, zikiwamo nyingi zitumiazo majivu ya kuni, huhitaji nyuzi 1,200 hadi 1,300. Kwa hiyo lazima pawe na tanuri lililojengwa, lenye rafu na mlango, na fundi ajuaye kupandisha joto polepole.

Aidha, si kila udongo utastahimili. Udongo wa chungu huweza kulegea na kuinama katika moto mkali. Glezi nayo ikipungua zaidi ya udongo inapopoa, au ikipungua kidogo kuliko udongo, hupasuka au hubanduka. Dawa yake ni majaribio: vigae vidogo vya udongo wa mahali, kila kimoja na namba yake, vikichomwa na kuandikwa katika daftari kabla ya kufinyanga chombo hata kimoja cha kuuza.

Wala asidhani mtu kwamba chombo cha glezi kitachukua mahali pa chungu. Chungu cha kienyeji hustahimili mafiga kwa sababu kina vinyweleo vinavyokipa nafasi ya kutanuka. Chombo cha glezi kikiwekwa juu ya mafiga huelekea kupasuka. Kwa hiyo chungu kiendelee kupika, na chombo cha glezi kiwe cha meza: kikombe, bakuli, jagi na sahani.

HATARI TATU

Ya kwanza ni moto wa nta. Nta ya nyuki huyeyuka katika nyuzi 62 hadi 65 hivi. Isiyeyushwe kamwe katika sufuria iliyowekwa juu ya moto moja kwa moja, kwani ikizidi joto hufuka moshi na kuwaka. Kopo la nta liwekwe ndani ya sufuria ya maji, na maji ndiyo yapashwe moto. Ikiwaka, izimwe kwa kufunikwa kifuniko au mchanga, wala si kwa kumwagiwa maji. Wako wanaochanganya nta na mafuta ya taa ili iwe laini. Desturi hiyo yafaa ikatazwe karibu na jiko lolote.

Ya pili ni moshi. Nta iunguapo ndani ya tanuri hutoa moshi mzito. Tanuri lisiwe ndani ya nyumba, wala watoto wasikae upande unakoelekea moshi.

Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni risasi. Madini ya risasi huyeyusha glezi kwa moto mdogo, na kwa hiyo humshawishi mtu asiye na tanuri zuri avunje betri kuukuu za magari apate unga wake. Risasi hiyo hutoka katika chombo ikaingia katika maziwa, maji ya ndimu na chakula, na hudhuru zaidi ubongo wa watoto wadogo. Haionekani, haina harufu, na madhara yake hayaponyeki kwa urahisi. Chama chochote kisiruhusu risasi katika glezi, hata kwa vyombo vya maua, maana chombo cha maua hakikosi siku moja kutiliwa uji. Na glezi yoyote mpya ipimwe maabara kabla ya chombo chake kuuzwa kwa ajili ya chakula.

HESABU YA VILIVYOVUNJIKA

Tuchukue mfano. Chama kimetengeneza vikombe 100, na gharama ya udongo, glezi, nta, kuni na posho ni shilingi 60,000. Katibu hugawanya, akapata shilingi 600 kwa kikombe, kisha hutangaza bei ya shilingi 700. Lakini vikombe 25 vimepasuka katika tanuri. Vilivyobaki 75 huleta shilingi 52,500 tu, na chama kimepata hasara ya shilingi 7,500 huku wanachama wakiamini kwamba kuna faida. Gharama ya kweli ya kila kikombe ni shilingi 800. Hasara ya namna hii ikirudiwa kila mwezi huua chama, na mwisho wake katibu hushukiwa wizi ambao hakuufanya.

Basi daftari la tanuri liwe na safu nne: vilivyoingia, vilivyotoka vizima, vilivyovunjika, na sababu. Safu ya nne ndiyo shule ya chama.

NTA YA KITAKO

Liko jambo dogo ambalo ndani yake umo ushirika mzima. Kabla ya kutia glezi, kila mfinyanzi hupaka nta chini ya kitako cha chombo chake. Asipofanya hivyo, glezi huyeyuka na kukigandisha chombo kwenye rafu. Chombo huvunjika, na rafu, ambayo ni mali ya wote, huharibika. Tena chombo kisichokauka vizuri hulipuka katika uchomaji wa kwanza na kuvunja vya jirani. Katika moto wa uwanjani hasara ya mtu ilikuwa yake. Katika tanuri la chama, uzembe wa mmoja hulipwa na kumi.

Kwa hiyo, kabla ya tanuri kuwashwa mara ya kwanza, masharti ya kazi yaandikwe na yapigiwe kura: kila mwanachama awe na alama yake chini ya chombo, wakaguzi wawili wachaguliwe kutazama ukavu na nta ya kitako, chombo kisichopita kirudishwe, hata kikiwa cha mwenyekiti, na ijulikane mapema hasara ya rafu italipwa na nani. Sharti lililoandikwa baada ya chombo kuvunjika huitwa ugomvi.

YA KUFANYA

Chama kisikimbilie mkopo wa tanuri kubwa. Kianze kwa kupima udongo, kisha kitafute ushauri wa mafundi wa SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Kijenge tanuri dogo la majaribio, na baada ya daftari kuonyesha kwamba vizima ni vingi na vinauzika, ndipo mkutano mkuu ujadili mkopo. Nta isitafutwe mbali: wafuga nyuki wa misitu ya miyombo wanayo, na mara nyingi masega hutupwa baada ya asali kukamuliwa. Chama cha wafinyanzi kikinunua nta kwa chama cha nyuki, vyama viwili vimefaidika kwa kitu kilichokuwa kikitupwa.

Wafinyanzi wazee wapewe nafasi ya kwanza katika kazi hii, kwani mkono unaojua unene wa chungu kwa kukigusa tu haununuliwi kwa mkopo. Wakiondoka bila kufundisha, tanuri litakuwa na moto lakini halitakuwa na chombo.

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Masharti na hesabu za chama navyo vifinyangwe mapema, kabla ya moto.