Kupima Kabla ya Kuamini

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Nimeombwa nieleze kazi yangu. Mimi ni daktari wa wagonjwa mahututi, na utafiti wangu ni juu ya figo zinazoumia ghafla.

Figo moja si kubwa kuliko ngumi. Lakini kwa siku moja figo zetu mbili huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu za mkojo. Kazi hiyo yataka damu nyingi. Basi mama akivuja damu baada ya kujifungua, au mtu akipatwa na kipindupindu au malaria kali, figo huweza kusimama kwa muda mfupi sana. Mwaka 1941 madaktari Bywaters na Beall waliandika habari za watu wa London waliofukuliwa wakiwa hai chini ya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu. Mwanzoni walionekana wazima. Kisha mkojo ukapungua, wakafa. Mwaka 1943, huko Uholanzi, Willem Kolff alianza kutumia mtambo wa kusafisha damu. Mtambo wa namna hiyo leo unaokoa wengi, ila ni ghali, na kwetu haupatikani kila hospitali.

Sasa sikilizeni jambo lililonivuta kwenye utafiti. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba dopamini kidogo ndani ya dripu huzilinda figo. Waliitia, wakaona mkojo unaongezeka, wakaridhika. Nani angebisha? Mwaka 2000 wenzetu wa Australia, New Zealand na Hong Kong walitangaza matokeo ya wagonjwa 328 katika wodi 23. Karibu nusu yao walipewa dopamini, waliobaki walipewa maji yasiyo na dawa. Figo hazikulindwa, wala vifo havikupungua.

Karibu na kwetu zaidi, mwaka 2011 yalitoka matokeo ya watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Desturi ilikuwa kuwamiminia maji ya dripu upesi. Baada ya saa 48, katika kila watoto 100 waliomiminiwa walikufa kama 10 au 11. Kwa wasiomiminiwa walikufa 7. Watoto wenye kuharisha hawakuhusishwa. Hao maji ni uhai wao. Na mwaka 2020, utafiti wa wagonjwa wapatao 3,000 katika nchi 15 ulionyesha kwamba kukimbilia mtambo mapema, kabla ya dalili ya dharura, hakupunguzi vifo. Kwa nchi yenye mitambo michache, habari hiyo ni kubwa: tuuweke kwa yule anayeuhitaji kweli.

Majaribio haya huwagawa wagonjwa kwa kura. Jamaa zao huniuliza, "Daktari, unapigia kura roho ya ndugu yetu?" Swali hilo ni la haki, na sijazoea kulisikia. Huwajibu hivi: ningejua lililo bora, ningempa sasa hivi bila kura. Kwa kuwa hakuna ajuaye, kuendelea kubahatisha kila siku pasipo kuandika ndiko kuchezea roho za watu. Wengine hukubali, wengine hukataa, na anayekataa hutibiwa vilevile.

Vijana, msidhani kazi hii ni ya mashine tu. Chombo ninachokitegemea kuliko vyote ni mfuko wa mkojo wenye alama za kipimo, na muuguzi anayeusoma kila saa na kuandika. Mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, kwa saa sita mfululizo, figo zake zimo hatarini, na bado kuna nafasi ya kutafuta chanzo. Muuguzi asipoandika, nafasi hiyo hupita kimya.

Basi jifunzeni hesabu na sayansi, na andikeni mnachokiona, hata kikipingana na mlichokitarajia au na alichosema mkubwa wenu. Mkubwa anaweza kukasirika, lakini mgonjwa anaweza kupona.