Mpira wa Mkojo na Wajibu wa Muuguzi



Nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulionea haya, yaani mpira wa mkojo. Chombo hiki si adui. Mgonjwa aliyezibwa na mkojo, au aliye mahututi hata mkojo wake ukapimwa kila saa, hana budi kuwekewa. Ninalolalamikia ni mpira unaobaki baada ya sababu yake kwisha.

Katika wodi moja niliyofanyia kazi, mzee mmoja aliwekewa mpira siku ya upasuaji. Siku ya tatu alikuwa akitembea hadi dirishani, mfuko mkononi. Daktari alidhani tumekwisha utoa. Sisi tulingoja amri ya daktari. Siku ya sita akapandwa na homa, akatetemeka kitanda kikalia. Mwanawe, mwalimu, aliacha darasa wiki mbili ili amwuguze.

Kila siku mpira unapokaa, hatari ya bakteria kuingia katika mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Wala tusidhani daktari anakumbuka. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2000, madaktari na wanafunzi wao waliulizwa habari za wagonjwa wao wenye mpira. Majibu 28 katika kila 100 yalionyesha hawana habari nao. Mwaka 2016 ikachapishwa taarifa ya hospitali 603 za nchi hiyo, ambamo haja ya mpira ilipimwa kila siku. Katika wodi za kawaida maambukizo yalipungua kwa asilimia 32. Katika wodi za mahututi hayakupungua, na hilo nalo tulikubali.

Tuseme kweli: mara nyingi mpira huachwa kwa sababu usiku muuguzi ni mmoja, shuka ni chache, na kumpeleka mgonjwa chooni ni kazi. Mashaka hayo nayajua. Lakini uchovu wetu si ugonjwa wa mgonjwa.

Kwa hiyo naomba tarehe ya kuwekwa mpira iandikwe katika jalada, na kila zamu inapokabidhiana iulizwe: leo una kazi gani? Mganga mkuu naye atupe ruhusa ya maandishi ya kuutoa sababu inapokwisha, bila kungoja raundi. Ukishatolewa, chupa ya mkojo iwekwe karibu na kitanda, na mgonjwa asipokojoa kwa saa 6 daktari aitwe.